Kioo Kimevunjika: Vita vya Nafsi katika Kusadikika

Mhadhara kwa vijana wasomaji, Mchikichini, Dar es Salaam

Najua saa hizi pale sokoni Karume ndipo wateja wanaposhuka kwenye daladala, na kila aliyefunika meza yake akaja kunisikiliza ameacha riziki. Basi niingie moja kwa moja.

Kitabu nilichoshika nilikinunua Kariakoo, kwa kijana anayetandaza vitabu vilivyotumika juu ya turubai. Jalada linashikiliwa na selotepu iliyogeuka rangi ya chai, na kurasa za mwanzo zimenyofoka. Ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Kimepita kwa watu wasiopungua watatu kabla yangu, maana pembeni kimeandikwa kwa rangi tatu. Mwenye kalamu ya bluu, kila palipotokea jina aliliwekea alama ya sawasawa: Kusadikika ni sawasawa na Tanganyika, Majivuno ni sawasawa na mkoloni, Karama ni sawasawa na mpigania uhuru. Mwenye kalamu nyekundu alipiga mistari chini ya hayo yote na kuandika kwa herufi kubwa, MTIHANI. Wa tatu alitumia penseli, tena penseli butu, na maneno yake ni machache. Huyo wa penseli ndiye aliyenifanya nikubali mwaliko wa leo. Nitamfikia.

Kwa ambaye hajakisoma, au alikisoma ili afaulu kisha akaachana nacho: Kusadikika ni nchi iliyo angani. Mfalme wake ni Jeta, na waziri mwenye sauti kubwa katika Baraza ni Majivuno. Karama ameshtakiwa kwa sababu ameanza kuwafundisha watu elimu ya uanasheria. Anayemshtaki ni Majivuno. Karama anapopata nafasi ya kujitetea, hasemi sana juu ya nafsi yake. Anasimulia. Siku baada ya siku anawasimulia watu wa Baraza habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande zote, hata juu mbinguni na chini ardhini, wakaitafutie nchi yao jambo la kuifaa. Waliteseka njiani, wakarudi na walichokipata, na kila mmoja akaishia kifungoni. Mwisho wa kesi mfalme anamwachia Karama huru, na wale wafungwa wanafunguliwa.

Kitabu kilitoka mwaka 1951. Ni chembamba, unakimaliza kwa safari mbili za kwenda Mbagala na kurudi kukiwa na foleni.

Wengi wenu mmeangalia The Hunger Games, na wachache mmesoma riwaya yenyewe ya Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008. Riwaya za aina ile zina nchi isiyokalika: sheria zake zimegeuzwa kichwa chini miguu juu, watoto wanaadhibiwa kwa makosa wasiyoyafanya, na kijana mmoja anajikuta amesimama mbele ya wakubwa. Nchi ile inaitwa Panem, neno la Kilatini lenye maana ya mkate. Mwandishi alilitoa katika msemo wa Warumi wa kale kuhusu watawala wanaowanyamazisha watu kwa mkate na michezo. Nchi nzima imeitwa kwa jina la kile kinachotumika kuifunga midomo yake. Shaaban Robert alikuwa amefanya jambo la jamaa moja na hilo zaidi ya miaka 50 nyuma, ila yeye nchi yake hakuiita mkate. Aliiita kwa kitenzi. Hapo ndipo ninapotaka tukae jioni hii.

Lakini kwanza nimtendee haki mwenye kalamu ya bluu, kwa sababu hakukosea kabisa. Mwaka huohuo kitabu kilipotoka, kule Meru, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Wameru walimtuma mtu wao, Kirilo Japhet, mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza yaliyotendeka, akiwa na wakili Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Sisemi kwamba Shaaban Robert alimwandika Kirilo, maana kitabu kilitangulia safari. Nasema tu kwamba Mtanganyika aliyesoma habari za wajumbe sita mwaka ule hakuona ngano. Mjumbe anayevuka mbali kuwatafutia watu wake haki, kisha nchi isitikisike, lilikuwa jambo la siku zile.

Kwa hiyo alama ya sawasawa ina ukweli ndani yake. Ninachokigombea ni kile inachokizima. Majivuno akishakuwa mkoloni, kesi ilikwisha mwaka 1961 na bendera mpya ikapanda. Msomaji wa leo, aliyezaliwa Ilala mwaka 2007, anabaki mtazamaji wa ugomvi wa babu zake. Anajibu swali la fani na maudhui, anapata alama zake, kitabu kinauzwa kwa mwenye turubai. Kwenye jedwali lake la migogoro ameandika mgogoro wa kisiasa, mgogoro wa kijamii, na mwisho kabisa, mgogoro wa nafsi. Mbele ya huo wa mwisho huwa pameandikwa nusu mstari. Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi na nusu mstari ule nimeuona mara nyingi mno. Mara kwa mara husema kwamba katika Kusadikika mgogoro wa nafsi haupo, au kwamba Karama alikuwa na mawazo mengi.

Sasa tulisome jina. Sadiki, sadikika. Mwalimu wenu wa sarufi aliwaambia hiyo ni kauli ya kutendeka. Njia inapitika, chakula kinalika, mzigo unabebeka. Kusadikika, basi, ni kule kuweza kusadikiwa, nchi ya yanayoaminika. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na ndiyo inayofundishwa. Lakini kauli ya kutendeka ina tabia nyingine ambayo kila mama wa Mchikichini anaijua bila kwenda shule. Mtoto yuko jikoni, kikombe kiko chini vipandevipande. Mama anauliza kulikoni. Mtoto anajibu, kikombe kimevunjika. Hakusema uongo. Kikombe kweli kimevunjika. Ila amechagua, katika kauli zote ambazo Kiswahili kimempa, ile moja isiyo na nafasi ya mtenda. Angesema kimevunjwa, mama angeuliza na nani, na sentensi ingempokea huyo nani bila shida: kimevunjwa na Asha. Lakini kimevunjika hakina pa kumweka Asha. Mlango huo haupo.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu na sioni kama ni bahati tu. Mtu aliyeijua lugha hii kama alivyoijua Shaaban Robert, aliyekuwa na majina yote ya dunia mbele yake, aliita nchi mbili za vitabu vyake Kusadikika na Kufikirika. Zote mbili ni za kauli hiyohiyo. Ni nchi ambazo mambo yanakuwa, na aliyeyafanya haonekani. Someni kesi yote mkiwa na sikio hilo. Wajumbe sita wamefungwa. Nani kawafunga? Baraza. Baraza ni nani? Kila mmoja aliyeketi pale. Na kila mmoja aliyeketi pale anaweza kwenda nyumbani akasema kwamba fulani alirudi safari na ikatokea amefungwa.

Niwaeleze kwa nini naliona hili kwa uchungu.

Nilikuwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja. Darasa letu lilikuwa na madirisha manne, na ni moja tu lililobaki na kioo. Mwalimu mkuu alikuwa akilionyesha kwa wageni. Siku moja wakati wa mapumziko tulicheza chandimu uani, kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za katani na kutiwa jiwe katikati ili uwe mzito. Mpira ukapaa, ukapita mti, ukaenda kwenye kile kioo. Nakumbuka sauti yake. Nakumbuka zaidi vile vipande vilivyobaki kwenye fremu, vimesimama kama meno, na jua likipita katikati yake na kuchora ubaoni.

Mwalimu alipoingia alituuliza kuna nini. Darasa zima, kwa sauti moja, tukajibu: kioo kimevunjika, mwalimu. Akauliza nani amekivunja. Tukarudia, kimevunjika. Basi akamwita mwenzetu aliyekaa karibu na dirisha, kijana mmoja mwenye kigugumizi. Alipoulizwa alianza neno, likamkwama, akaanza tena. Kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa ni kukiri. Akachapwa mbele yetu. Mguu uliopiga ule mpira ulikuwa wangu.

Sikusema. Nilikuwa na sentensi mdomoni, fupi, silabi nne tu: nimevunja. Ilinichoma ulimi, na bado sikuitoa. Kati ya kimevunjika na nimevunja kuna hatua ndogo sana kwa mtu wa sarufi. Kwa mtoto yule ilikuwa ni bonde la Msimbazi limejaa mvua ya masika na daraja halipo. Ninaposikia neno mgogoro wa nafsi, ninachokiona ni lile bonde. Sioni mtu ameshika tama akiwaza mengi.

Sasa rudini kwenye Baraza la Kusadikika. Wasomaji wengi, na wamo wahakiki, wamelalamika kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa: mwema ni mwema tangu jina lake, mbaya ni mbaya tangu jina lake. Buruhani ni hoja, Auni ni msaada, Amini ni uaminifu, Majivuno ni majivuno. Hawayumbi. Lalamiko hilo nalikubali. Ukimtafuta Karama akilia usiku, akitamani kuikana kazi yake, humpati. Anayetaka kuona nafsi ikipigana yenyewe ukurasani aende kwa Euphrase Kezilahabi, kwenye Kichwamaji cha mwaka 1974, ambamo Kazimoto anajichimba mpaka anajiua. Kile ni kitabu kizito na kuna umri nisingependa mtu akisome akiwa peke yake.

Lakini Shaaban Robert vita vile aliviweka mahali pengine, na ndipo ninapomwona fundi. Tazameni Karama anawasimulia nani. Wanaosikiliza habari za mateso ya Buruhani ndio waliomfunga Buruhani. Wanaosikiliza jinsi Auni alivyovumilia njiani ndio wanaojua Auni yuko gerezani sasa hivi, wakati wao wamekalia viti. Karama angeweza kusema mara moja tu, kwa dakika kumi, kwamba watu sita wamedhulumiwa. Badala yake analeta mmoja mmoja, kila mmoja na safari yake, jua lake, njaa yake, na akimaliza huyu anamleta yule. Mimi nilipokuwa kijana niliona urudiaji ule unachosha. Siku hizi nasikia ndani yake mtu anayegonga mlango uleule mara sita. Kila hadithi inalirudisha Baraza kwenye swali la mwalimu: nani? Na Baraza limekaa kimya kama darasa langu la sita.

Mgogoro wa nafsi wa kitabu hiki umo katika masikio ya wanaosikiliza. Mwandishi hakuuandika kwa sababu hakutaka kuingia vichwani mwao. Ametuketisha sisi kwenye viti vyao.

Linganisheni na tamthiliya ya Said Ahmed Mohamed, Kivuli Kinaishi, iliyotoka mwaka 1990, ambayo wengine mliisoma kidato cha tano na cha sita. Giningi nayo ni nchi isiyokalika, chini ya Bi Kirembwe, na watu wake wametiwa unga wa ndere mpaka akili zimelala. Ni ishara kali, na kila aliyewahi kuishi chini ya propaganda anauonja unga ule. Ila unga una huruma fulani ndani yake. Aliyelishwa unga tunaweza kumwambia: hukuwa wewe, ulikuwa ni unga. Kusadikika hakuna unga. Watu wa Baraza hawajalogwa, hawajaleweshwa, wameoga na kuvaa vizuri, na wana akili zao timamu. Wanajua. Kwangu mimi hiyo ndiyo nchi inayotisha zaidi kati ya hizo mbili, kwa sababu inafanana zaidi na kikao cha kawaida cha siku ya kazi.

Na mwandishi mwenyewe alikuwa ameketi wapi? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma hapahapa Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Kisha akawa karani wa serikali ya mkoloni: forodha kwa miaka mingi, halafu idara ya wanyama, halafu ofisi za Tanga. Kitabu kinachoshitaki dola kiliandikwa na mtu aliyekula mshahara wa dola, aliyeamka asubuhi akaenda kunakili barua zake kwa hati nzuri. Simwambii mtu kwamba najua alichokiwaza akiwa kwenye meza ile. Ninachokiona ni kwamba aliijua vizuri lugha ya ofisi, ile lugha ya imeamuliwa, imeonekana, imeshindikana. Karani anaiandika lugha hiyo kutwa. Jioni mtu huyo akakaa akaandika nchi nzima kwa kauli ileile, akaipandisha angani ambako afisa wa wilaya hana mamlaka, kisha akamsimamisha ndani yake mtu mmoja anayetaja majina sita, moja moja, kwa sauti.

Angani pia ni ishara, na pembeni ya neno hilo mwenye bluu hakuandika kitu. Nchi iliyo angani haina udongo. Hakuna anayelima akaona jembe lake likigota kwenye kitu kigumu. Hata wajumbe wakitaka kuona mambo yalivyo inabidi waondoke, na mmoja anashuka mpaka ardhini. Fikirini kidogo: kushuka ardhini ni safari ya hatari, inayomfanya mtu aonekane msaliti akirudi. Wale wa ofisi za ghorofani mnalijua hilo kuliko mimi.

Hapa nataka niseme neno la kuitetea kauli ya kutendeka, kwa sababu nimeisulubu mno. Mwezi Januari 2022 soko la Karume liliungua. Miezi sita kabla yake, Julai 2021, lilikuwa limeungua soko kuu la Kariakoo. Asubuhi ile ya Karume nilisimama pembeni ya moshi pamoja na baadhi yenu. Palikuwa na mama mmoja ameshika bati lililokunjamana kama karatasi, analigeuza huku na huku, chini yake nguo zimekuwa tonge moja jeusi, belo zima ambalo hakuwa amelimaliza kulipa. Alikuwa akirudia neno moja: limeungua, limeungua. Hakuwa anamficha mtu. Hakuwa na nguvu ya kuuliza nani. Lugha yetu ilimpa kitenzi cha kulilia, kisichomlazimisha kumtafuta wa kumlaumu wakati magoti yanamtetemeka. Hiyo nayo ni kazi ya kauli ya kutendeka, na ni kazi ya heshima. Haja ya kuuliza ilikuja baadaye, na ilipaswa ije.

Kwa hiyo sisemi kitenzi kile ni kibaya. Nasema kuna saa yake. Mtu anaweza kukaa ndani yake kwa siku tatu za matanga, na anaweza kukaa ndani yake kwa maisha yake yote, kitenzi ni kilekile. Kusadikika imekaa muda mrefu mno.

Sasa mwisho wa kitabu. Mfalme anasikiliza, Karama anaachiwa, wajumbe wanatoka gerezani. Vijana wengi huniambia mwisho huo ni mwepesi, kwamba mfalme dhalimu habadiliki kwa hotuba. Zamani nilikuwa nikiutetea. Leo nawaunga mkono kwa nusu. Kinachonisumbua si kwamba mfalme amebadilika, maana watu hubadilika, na mara nyingine ni kwa kusikia tu jina la mtu waliyemsahau. Kinachonisumbua ni ukimya wa ile hatua. Jeta alivuka bonde, na hatukuonyeshwa alivyovuka. Usiku wa kuamkia hukumu alilala? Aliwakumbuka wale sita kwa nyuso zao, au kwa namba zao za kifungo? Alijiambia wamefungika, au alijiambia niliwafunga? Shaaban Robert alituachia pengo pale pale ambapo mwandishi wa leo angejaza kurasa 30. Kama kuna kijana humu anayetaka kuandika riwaya, usiku ule wa Jeta bado haujaandikwa na mtu.

Na sasa mwenye penseli. Nilisema maneno yake ni machache. Mahali Karama anaposimulia habari za mjumbe wa kwanza, kaandika: mke wake je? Mbele zaidi, kwa mjumbe wa nne, kaandika: hawa wanasikiliza kweli? Halafu kurasa nyingi hakuna kitu, mpaka kule mwisho ambako wafungwa wanatoka na kila mtu anafurahi. Pale mwenye bluu ameandika: uhuru. Mwenye nyekundu amepiga mistari miwili chini yake. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi yaliyokandamizwa mpaka karatasi imebonyea na unaweza kuyapapasa kwa kidole upande wa pili, yule wa tatu ameuliza: na waliowafunga?

Sijui kama alikuwa mvulana au msichana, wala alisoma wapi. Mwalimu wake hakuyaona maandishi yale, au aliyaona akayapita.

Yule mwenzetu wa darasa la sita tuliyemchapa kwa kigugumizi chake nilimtafuta nikiwa mtu mzima. Niliambiwa alihamia Kigoma, kisha nikaambiwa amefariki. Sikupata wa kumwambia zile silabi nne.

Kitabu nakipitisha, tuanzie mstari huu wa mbele. Msiogope kukifungua, selotepu itastahimili. Ndani, kwenye ukurasa ule wa mwisho, nimeweka penseli.